Wachina na Wazungu wakijadili dini, nani ameshika mizani?

Mwanamke anayevuka Petite Barrière alfajiri na ndoo ya sambaza kichwani hana muda wa kufuatilia maprofesa wanabishana nini huko Beijing au Roma. Anachojali ni kama bei ya Goma imeshikilia, kama foleni itasonga, na kama mteja wa jana atalipa leo. Hata hivyo mabishano hayo ya wasomi yanamhusu kuliko anavyodhani. Tangu yalipoanza, zaidi ya miaka 400 iliyopita, yamekuwa juu ya jambo ambalo wachuuzi wa Gisenyi wanalijua vizuri kuliko maprofesa wengi: watu wawili wasio na lugha moja wanapokaa kupatana, neno la nani ndilo litakaloandikwa kwenye karatasi?

Mazungumzo hayo sasa yana hata siku yake. Juni 2024 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha pendekezo la China la kuifanya tarehe 10 Juni ya kila mwaka kuwa Siku ya Kimataifa ya Majadiliano baina ya Staarabu. Kabla ya hapo, Machi 2023, Rais Xi Jinping alikuwa ametangaza mpango wake wa ustaarabu wa dunia, wenye hoja kuu kwamba hakuna taifa lenye haki ya kulipimia taifa jingine kwa kipimo chake. Mwaka 2018 Beijing ilipokea Kongamano la Dunia la Falsafa kwa mara ya kwanza, chini ya kaulimbiu ya kujifunza kuwa mtu. Na huko Nishan, mkoani Shandong, mahali panapotajwa kuwa ndipo alipozaliwa Confucius, jukwaa la wasomi lilianzishwa mwaka 2010 kwa kuwakutanisha wafuasi wa mafundisho yake na Wakristo wa Magharibi.

Makongamano ya dunia ya falsafa yalianza Paris mwaka 1900. Yamezunguka Ulaya, Marekani, Mexico, Canada, Uturuki, Korea na China, na mwaka 2024 yakafanyika Roma. Afrika hayajafika.

Afrika imefikiwa kwa njia nyingine. Machi 2024 wasomi wa China na wa Afrika walikutana Dar es Salaam, wakatoa tamko la pamoja linaloitwa Makubaliano ya Dar es Salaam. Humo walisema kwamba kila nchi ina haki ya kuchagua njia yake ya maendeleo kwa kufuata mila na hali yake. Ni maneno mazuri, na wachache watayapinga. Swali analouliza mfanyabiashara kila anapoonyeshwa bidhaa nzuri ni jingine: imeandikwa nini kwenye maboksi, na kwa lugha gani?

Kitabu chenye wasemaji wawili na mwandishi mmoja

Kisa cha kwanza cha kujifunza kinatoka China yenyewe. Padri Matteo Ricci, Mjesuiti kutoka Italia, aliingia China mwaka 1583 na akakubaliwa kuishi Beijing mwaka 1601. Hakufika akitukana. Alijifunza Kichina, akavaa kama wasomi wa nchi ile, akasoma vitabu vyao, akawafundisha hesabu na ramani. Mwaka 1603 alichapisha kitabu kwa Kichina kuhusu Bwana wa Mbinguni, alichokiandika kwa mtindo wa mazungumzo kati ya msomi wa China na msomi wa Magharibi. Msomi wa China anauliza na kupinga, msomi wa Magharibi anajibu.

Ni kazi ya heshima, na bado inasomwa. Lakini mtu yeyote aliyewahi kuona wakala akijaza fomu ya muuzaji na ya mnunuzi kwa kalamu moja ataona tatizo lake mara moja. Maneno ya pande zote mbili yalitoka kwa Ricci. Mchina wa kitabuni hawezi kusema jambo ambalo Ricci hakutaka asikie.

Tatizo likawa kubwa zaidi katika jina la Mungu. Ricci alikubali kutumia majina yaliyokuwamo tayari katika vitabu vya kale vya Kichina, kama Shangdi, yaani Mtawala wa Juu, na Tian, yaani Mbingu, pamoja na Tianzhu, Bwana wa Mbinguni. Aliona pia kwamba ibada za heshima kwa mababu zinaweza kuachiwa Wakristo kwa sababu ni adabu ya familia, si kuabudu wafu. Baada ya kifo chake, wamisionari wengine walikataa. Shauri likafika Roma, likavutwa kwa karibu miaka mia. Papa Clement XI akatoa hukumu mwaka 1704, na akaikazia mwaka 1715: Shangdi na Tian yasitumike, na heshima kwa mababu ikome. Mfalme Kangxi, ambaye mwanzoni aliwapenda Wajesuiti, alipoisoma amri hiyo aliona kwamba watu wasiojua kusoma vitabu vya nchi yake wanamwelekeza maana ya maneno ya lugha yake. Mwaka 1721 akapiga marufuku mahubiri yao.

Roma iliondoa katazo la heshima kwa mababu mwaka 1939. Kwa zaidi ya miaka 200, Mkatoliki wa China alilazimika kuchagua kati ya kanisa na kaburi la baba yake, kwa sababu ya tafsiri iliyoamuliwa mahali ambapo yeye hakuwepo. Alama ya ugomvi ule bado inaonekana. Anayekwenda Guangzhou kununua bidhaa na akapita kwenye kanisa kuu la mawe la Moyo Mtakatifu, ambako Waafrika wengi husali, atakuta Wakatoliki wa China wakimwita Mungu Tianzhu. Waprotestanti wengi wao husema Shangdi. Ukatoliki na Uprotestanti umesajiliwa na serikali ya China kama dini mbili tofauti, kila moja na jina lake.

Mungu aliyepita Gisenyi akaitwa Imana

Watu wa Rubavu hawahitaji kwenda Guangzhou kuyaelewa hayo. Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadri Weupe, walifika Rwanda mwaka 1900 na kufungua misheni ya Nyundo mwaka 1901, karibu kabisa na Gisenyi. Walikuta Wanyarwanda wana jina la Muumba: Imana. Hawakulitumia. Neno hilo lilitajwa pia katika mambo ya ramli na bahati, nao wakaogopa kwamba waumini watachanganya. Badala yake wakaleta neno walilokuwa wakilitumia katika misheni zao za awali, neno la Kiswahili: Mungu. Waprotestanti walipofika wakatumia Imana. Kwa miongo mingi basi, Mnyarwanda mmoja alisali kwa Mungu na jirani yake akasali kwa Imana, hadi Kanisa Katoliki liliporudi kwenye jina la nyumbani.

Kiswahili hapa kilikuwa upande wa mwenye nguvu, na ni vizuri wapenzi wa lugha hii walikumbuke hilo wanapoisifu kuwa lugha ya umoja. Haikuingia Rwanda kwa njia ya sokoni pekee. Iliingia pia na misheni, na jeshi la Wajerumani na ofisi za serikali, na kwa muda ililifunika neno ambalo wenyeji walikuwa nalo.

Aliyefanya kazi kubwa ya kuufungua mjadala huo alikuwa mtu wa Nyundo hapo hapo. Askofu Aloys Bigirumwami, aliyewekwa wakfu Juni 1952 kuwa askofu wa kwanza Mwafrika katika makoloni ya Ubelgiji, aliongoza Nyundo hadi mwaka 1973. Badala ya kuandika kwamba mila za Wanyarwanda ni za kishenzi, au kwamba zote ni Ukristo uliojificha, alizikusanya. Katika miaka ya 1960 na 1970 alitoa vitabu vya methali, hadithi, ibada na miiko, kwa Kinyarwanda, vilivyochapwa Nyundo. Umuhimu wake uko katika lugha hiyo. Bibi wa Rubavu aliyehojiwa angeweza kusomewa alichokisema na kukisahihisha. Wasomi wengi wa wakati ule, na wa wakati huu, hawakumpa bibi nafasi hiyo.

Uganda nako kuna kisa ambacho kila mkalimani wa mpakani angepaswa kukijua. Mshairi na msomi Okot p'Bitek alikisimulia katika kitabu alichokitoa mwaka 1970 kuhusu dini za Kiafrika katika maandishi ya Magharibi. Mwaka 1911 wamisionari wa Kiitalia waliwauliza wazee wa Waacholi nani aliwaumba. Wazee hawakuelewa, kwa kuwa lugha yao haikuwa na neno la kuumba kwa maana hiyo. Mkalimani akageuza swali: nani aliwafinyanga? Wazee wakasema mtu huzaliwa na mama yake. Walipozidi kubanwa, mmoja akakumbuka kwamba ugonjwa wa uti wa mgongo unapompinda mtu akawa kibiongo, husemwa kuwa amefinyangwa na jini aitwaye Rubanga. Wamisionari wakaandika: jina la Muumba ni Rubanga. Ndilo jina linalotumika katika sala za Wakatoliki wa Acholi mpaka leo.

Okot alikuwa mkali, na si kila msomi anakubali tafsiri yake. Lakini hatua za kosa zinafahamika kwa yeyote aliyewahi kuagiza bidhaa kupitia mkalimani. Muuliza swali anajua jibu analolitaka, mkalimani anataka kazi iishe, na mjibu anataka aachwe aende zake. Kinachobaki kwenye karatasi hakikusemwa na mtu.

Mbuzi yule yule, ngeli tatu

Mwaka 1945, mjini Elisabethville, leo Lubumbashi, kilitoka kitabu cha Kifaransa cha padri Mbelgiji Placide Tempels kuhusu falsafa ya Wabantu. Tempels alikuwa ameishi miaka mingi kati ya Waluba. Alidai kwamba Wabantu wana falsafa kamili, ambayo msingi wake ni nguvu ya uhai, isipokuwa wenyewe hawawezi kuieleza. Mzungu ndiye atakayewaelezea. Nusu ya kwanza ya dai hilo iliwapendeza Waafrika wengi. Nusu ya pili ndiyo iliyomfanya padri wa Rwanda, Alexis Kagame, ashike kalamu.

Kagame hakuwa mtu wa kunyamaza. Alizaliwa mwaka 1912, akawa mtaalamu wa mashairi na historia ya ufalme wa Rwanda, na maandishi yake yalipowachosha watawala wa Kibelgiji aliondoka nchini mwaka 1952 akaenda Roma kusoma. Huko aliandika tasnifu kuhusu falsafa ya Kibantu ya Rwanda, iliyochapishwa Brussels mwaka 1956. Kama Ricci, aliiandika kwa mtindo wa mazungumzo ya watu wawili. Tofauti ni kwamba wote wawili wanafikiri kwa Kinyarwanda.

Hoja yake ilikuwa kwamba falsafa ya Wabantu imo ndani ya sarufi yao. Kila kilichopo kinaingia katika mafungu manne: umuntu, chenye akili, ikintu, kisicho na akili, ahantu, mahali na wakati, na ukuntu, namna ya kuwa. Shina lao ni moja, ntu. Imana hayumo katika lolote kati ya hayo manne, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwepo kabla. Msomaji wa Kiswahili anaona hapo hapo ndugu wa maneno hayo: mtu, kitu, na ngeli ya mahali. Ndiyo maana kitabu kile kilisisimua. Kilikuwa kinasema kwamba mchuuzi anapopanga maneno yake kwa usahihi, tayari anafanya kile Aristotle alichokifanya.

Je, ni kweli? Mpaka wa Gisenyi na Goma una jaribio la bure. Mnyarwanda anayeuza mbuzi aliyeanguka njiani atasema ihene yaguye, kwa upatanisho usio wa watu. Mtu wa Dar es Salaam aliyesoma Kiswahili sanifu atasema mbuzi ameanguka, kana kwamba mbuzi ni mmoja wa wanadamu. Mtu wa Goma, kwa Kiswahili cha Kivu, mara nyingi atasema mbuzi ilianguka, akimrudisha mnyama kwenye fungu lake. Wote watatu wanamwona mbuzi yule yule, wanakubaliana kwamba mguu umevunjika, na wanateremsha bei kwa sababu moja. Kama sarufi ingekuwa ndiyo falsafa, soko la mifugo lingekuwa na madhehebu matatu.

Hiyo, kwa ufupi, ndiyo aina ya pingamizi aliyoitoa Paulin Hountondji wa Benin katika kitabu chake cha mwaka 1976. Alisema falsafa si mali ya kabila inayolala kwenye lugha ikingoja kuchimbwa. Ni maandishi na hoja za watu wenye majina, wanaoweza kupingana. Kwa kipimo hicho Kagame ni mwanafalsafa mkubwa, kwa sababu alibisha. Wanyarwanda wote kwa jumla si wanafalsafa, kama Wagiriki wote kwa jumla wasivyokuwa.

Kuna mfano mwingine ulio karibu zaidi na lugha ya gazeti hili. Mwaka 1969 John Mbiti wa Kenya alitoa kitabu chake mashuhuri cha Kiingereza kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Humo alichukua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, akayafanya nguzo za nadharia yake kwamba Mwafrika wa jadi ana wakati uliopita mrefu na wakati ujao mfupi sana, wa miezi michache au miaka miwili hivi. Wanafunzi wa dini ulimwenguni wameyasoma maneno hayo mawili. Wengi wao hawajui neno la tatu la Kiswahili. Na mkulima wa Rubavu anayepanda mikaratusi leo ili iuzwe mwanawe atakapoingia chuo kikuu hakuulizwa.

Hivyo ndivyo Kiswahili kimekuwamo katika mazungumzo ya wasomi kwa muda mrefu: kama vipande vya kuonyesha, mfano wa vitambaa vya sampuli. Anayetaka kukiona kikitumika kufikiri tangu mwanzo hadi mwisho inabidi aende kwingine, kwa mfano kwenye Utenzi wa Mtu ni Utu wa Ahmad Nassir wa Mombasa, ambao Mjerumani Kai Kresse aliujadili kwa heshima katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu wanafikra wa mji huo. Kresse aliandika kwa Kiingereza.

Jinhua na Yiwu ni wilaya moja ya biashara na elimu

Sasa meza imepata mwenyeji mpya. Chuo Kikuu cha Ualimu cha Zhejiang kina taasisi ya utafiti wa Afrika iliyoanzishwa mwaka 2007, mojawapo ya kubwa zaidi nchini China. Iko katika jiji la Jinhua. Wafanyabiashara wa Gisenyi huenda hawalijui jina hilo, lakini wanajua Yiwu, kwenye soko la bidhaa ndogondogo ambako vibanio vya nywele, kufuli na maua ya plastiki hununuliwa kwa katoni. Yiwu iko chini ya utawala wa Jinhua. Msomi wa China anayeandika juu ya imani za Waafrika na mchuuzi wa Kiafrika anayetafuta mahali pa kusali Ijumaa au Jumapili wanaweza kuwa umbali mfupi wa treni.

China inakuja na kitu ambacho Ulaya ya mwaka 1900 haikuja nacho, na ni haki kukitaja. Inalijua jeraha. Wasomi wake wanakumbuka kwamba hata maneno yao ya leo ya dini na falsafa, zongjiao na zhexue, yalipata maana hiyo Japani katika karne ya 19, wakati Waasia walipokuwa wakitafuta namna ya kutafsiri vitabu vya Wazungu. Kwa hiyo wanaposema kila ustaarabu upimwe kwa kipimo chake, hawasemi kwa nadharia tu.

Lakini pia ni serikali inayosema, na serikali ina mahitaji yake. Wakosoaji wa Magharibi wanaona kwamba lugha ya staarabu inatumiwa kukwepa maswali kuhusu haki za watu ndani ya China, wakiwemo waumini. Wakosoaji hao nao wanasahau upesi kwamba mizani ilikuwa mikononi mwao kwa miaka 300. Afrika Mashariki haina sababu ya kuchukua upande katika ugomvi huo kabla ya kuuliza nani atayaandika majibu yake. Hatari ya kweli kwa eneo hili ni kugeuka ukumbi wa mkutano, mahali ambapo wengine wanakuja kupatana juu ya Afrika huku wenyeji wakipanga viti.

Kwa wafanyabiashara, ustaarabu una kanuni zake za kila siku, na kutozijua kuna gharama. China inatambua dini tano: Ubuddha, Utao, Uislamu, Ukatoliki na Uprotestanti. Mgeni anaruhusiwa kusali katika sehemu zilizosajiliwa. Haruhusiwi kuhubiri kwa hiari yake, kuunda kikundi cha dini, wala kugawa vitabu vya dini. Vitabu anavyobeba viwe vya matumizi yake mwenyewe. Kanuni hizo ziliandikwa upya na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2025. Anayeanzisha maombi ya usiku kwenye chumba cha hoteli Guangzhou, kama ambavyo angefanya Gisenyi bila mtu kumuuliza, anaweza kurudishwa nyumbani akiacha oda yake kiwandani. Hata Vatikani hujadiliana na Beijing kwa uangalifu: mapatano yao ya mwaka 2018 kuhusu uteuzi wa maaskofu yaliongezewa muda wa miaka 4 mwezi Oktoba 2024.

Upande wa pili wa somo uko hapa nyumbani. Baada ya Goma kuangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025 na benki zake kufungwa, biashara ya mpakani iliendelea kwa fedha taslimu na kwa neno la mtu. Watu wa Tanzania huita bidhaa zinazochukuliwa kwa ahadi ya kulipa baada ya kuuza mali kauli. Jina lenyewe linasema rehani ni nini. Mama wa Gisenyi aliyemwachia mteja wa Birere marobota mawili ya vitenge, bila hati na bila hakimu wa kumkimbilia, alikuwa na jibu lake kwa lile swali la kongamano la Beijing la mtu hujifunzaje kuwa mtu. Jibu hilo lina masharti: nani anaaminika, jirani gani anasimama shahidi, deni la marehemu linadaiwa kwa nani, kiapo cha Mwislamu na cha Mkristo kinapokelewaje na asiye wa dini hiyo. Hakuna hata moja kati ya hayo lisilo falsafa.

Je, Wachina wanaweza kulisikia? Wanaweza, na hapo ndipo aibu inapogeuka upande wa Afrika Mashariki. Redio ya China ilianza kutangaza kwa Kiswahili tarehe 1 Septemba 1961, na vyuo vya Beijing vimekuwa vikifundisha lugha hii tangu miaka hiyo hiyo. Kuna Wachina wa rika tatu wanaosoma, kuandika na kutania kwa Kiswahili. Ujerumani, Uingereza na Marekani zina vyuo vyenye walimu wa Kiswahili pia. Wenye lugha ndio wanaoandika tasnifu zao kwa Kiingereza na Kifaransa, kisha wanalalamika kwamba dunia haiwasikii kwa sauti yao.

Sheria si kikwazo tena. Bunge la Rwanda lilipitisha mwaka 2017 sheria ya kukifanya Kiswahili lugha rasmi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Kamisheni ya Kiswahili yenye makao Zanzibar, na Kongo, nchi yenye mamilioni ya wasemaji wa Kiswahili mashariki yake, iliingia Jumuiya mwaka 2022. Goma ina vyuo vikuu, kimojawapo, ULPGL, kikiwa na kitivo cha teolojia. Kati ya Zanzibar na Goma kuna wasomi wa kutosha kuandika mjadala mzima wa Tempels, Kagame na Hountondji kwa lugha ambayo mpishi wa chuo anaielewa.

Pa kuanzia si pagumu. Kila mwaka watafiti hufika Gisenyi na madaftari, kutoka Ulaya, Marekani na sasa Asia, kuwauliza wachuuzi wa mpakani kuhusu imani, mikopo na kuaminiana. Wachuuzi hujibu, wengi kwa Kiswahili, wakiwa wamesimama, ndoo ikiwa chini. Vyama vya ushirika vya wafanyabiashara wadogo vinaweza kuweka sharti moja kabla ya swali la kwanza: kabla kitabu hakijachapishwa, kurasa mbili au tatu za Kiswahili ziletwe ofisini, zisomwe kwa sauti mbele ya waliohojiwa, na penye kosa parekebishwe. Mtafiti mwenye haraka atakwenda kuhoji kwingine. Atakayerudi na kurasa hizo atakuta watu wana mengi ya kumwongezea.